Dakika Mbili na Sekunde Arobaini

Mama Pacha hakuwa mtu wa kuchokozwa. Wenzake kiwandani walilijua hilo tangu wiki yake ya kwanza, siku alipomfuata meneja hadi mlangoni mwa gari lake kumwonyesha kwamba glavu alizogawiwa zote mbili zilikuwa za mkono wa kushoto. Meneja alicheka, akadhani ni utani. Mama Pacha hakucheka. Alisimama pale, glavu zikining'inia mkononi, mpaka yule bwana akazima gari na kurudi ndani kumtafutia nyingine.

Kilikuwa kiwanda cha kufulia. Mashuka ya hospitali mbili na hoteli kadhaa yaliletwa asubuhi na mapema yakiwa yamerundikwa kwenye matoroli, na jioni yakaondoka meupe, yamenyooka, yamekunjwa mraba. Mashine za kufua zilikuwa nne, kila moja kubwa kama chumba cha mpangaji. Katikati ya ukumbi ililala mashine ya pasi: rola ndefu za chuma zenye moto, zinazozunguka taratibu mchana kutwa. Wanawake wawili walisimama upande mmoja wakiilisha shuka kwa kulishika pembe, na wawili walisimama upande wa pili wakilipokea na kulikunja. Mama Pacha alikuwa upande wa kupokea. Alikuwa hapo kwa miaka kumi na moja.

Katika miaka hiyo alijijengea sifa moja. Angeweza kuwa anapiga soga, mashine amezipa mgongo, halafu katikati ya maneno yake aseme, "Namba tatu hiyo inamaliza," na kabla hajafunga mdomo mashine namba tatu ikakata. Hakuvaa saa. Wenzake walipomuuliza anajuaje, alijipigapiga kifuani.

"Saa iko humu. Ile ya ukutani ni ya wageni."

Upande wa kulisha alisimama wifi yake, mdogo wa mumewe. Watu walimwita Kiduchu kwa sababu ya kimo chake. Bila kupanda juu ya kreti la soda hakuifikia mashine. Alipoachika na kurudi nyumbani na mtoto mgongoni, Mama Pacha ndiye aliyempeleka kwa meneja, akamsemea, akamfundisha kulisha shuka bila kusogeza vidole karibu na rola. Waliishi ua mmoja, milango yao ikitazamana.

Msimamizi wa ukumbi walimpachika jina la Bwana Dakika. Shingoni alining'iniza saa ya kubonyeza, kama ya mwalimu wa riadha, na kila kitu alikipima. Kwenda choo, dakika nne. Kunywa maji, moja. Kwenye mashine ya pasi kulikuwa na kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu kwa mpigo. Shuka likijikunja vibaya, wanawake walikibonyeza, wakalinyoosha, wakaendelea. Bwana Dakika akapima hilo nalo. Akagundua kwamba mashine ikisimama rola hupoa, na zikishapoa huchukua dakika kumi na moja kurudi kwenye moto wake. Jumatatu moja wakaingia kazini wakakuta kitufe kimefunikwa kwa kisanduku cha bati, na kisanduku kimepigwa kufuli.

"Hii nini tena?" Mama Pacha aliuliza.

"Mnakibonyeza ovyo. Ufunguo ninao mimi. Kukiwa na shida, niite."

"Na kama haupo?"

"Mimi nipo siku zote."

Wiki tano baadaye, siku ya Jumatano, saa nne na robo asubuhi, hakuwepo.

Kiduchu alikuwa akilisha shuka la hospitali ambalo pindo lake lilikuwa limefumuka. Kidole chake cha kati kiliingia kwenye lile pindo, kikanasa, na rola ikauvuta mkono. Hakupiga kelele papo hapo. Kilichosikika kwanza ni kreti lake likianguka. Mama Pacha akainua macho, akaona ng'ambo ya mashine uso wa wifi yake, mdomo wazi, na ndipo sauti ikafuata.

Alikimbilia kitufe, akakumbana na bati. Alilipiga ngumi. Alilivuta kufuli mpaka vidole vikachubuka. Wenzake wawili walikuwa wamemkamata Kiduchu kiunoni na kwapani, wanamvuta nyuma ili mkono usizame zaidi, na shuka lilikuwa limejisokota likaubana. Swichi kuu ya umeme ilikuwa ndani ya chumba cha fundi, na fundi alikuwa ametumwa kununua mkanda wa mashine, mlango ameufunga. Mama Pacha akaruka matoroli, akapita stoo ya sabuni, akashika ule ujia mrefu mpaka ofisini kwa msimamizi, akausukuma mlango.

Bwana Dakika alikuwa kwenye simu. Hakumtazama. Aliinua kidole kimoja.

"Dakika moja," alisema.

Mama Pacha alipiga kelele. Alisema "mkono", alisema "ufunguo", alisema "anakufa". Na wakati huohuo, jambo ambalo baadaye lilimsumbua kuliko yote, aliona kila kitu. Aliona ukucha wa kile kidole, umekatwa vizuri, una kijidoti cheupe. Aliona kifungo kimoja cha shati lake kimeshonwa kwa uzi wa buluu tofauti na vingine. Aliona kalenda ukutani bado iko mwezi uliopita. Aliona simu ikitolewa sikioni, ikishushwa, ikilazwa mezani taratibu kama yai. Ilikuwa kana kwamba mtu ameketi ndani ya macho yake na kufanya hesabu ya bidhaa, kimoja kimoja, bila haraka yoyote.

Walikimbia. Funguo zilikuwa nyingi kwenye pete moja. Wa kwanza ukakataa. Wa pili ukakataa. Pete ikamponyoka Bwana Dakika, akaiokota, akaanza upya. Kufuli likafunguka, kitufe kikabonyezwa, rola ikainuka.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikurudi. Kilibaki kidole gumba na cha shahada, na kiganja kilichoungua.

Siku ya tatu alikuja mtu wa ofisi ya ukaguzi wa usalama kazini, akawaita mashahidi mmoja mmoja. Alikuwa na fomu, na katika fomu kulikuwa na swali: tangu majeruhi aliponaswa hadi mashine iliposimama, ulipita muda gani?

"Robo saa," alisema Mama Pacha. "Andika robo saa. Na hapo nimewapunguzia."

Akatia sahihi.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwake, maji ya kuoshea vyombo yakimdondoka viwikoni. Barua ilisema kwamba kamera ya ukumbini imeonyesha tukio lote lilichukua dakika mbili na sekunde arobaini. Kwamba yeye, mfanyakazi mzoefu, ametoa taarifa ya uongo kwa nia ya kuichafulia kampuni jina. Kwamba anasimamishwa kazi bila mshahara hadi kikao cha uchunguzi. Na mwishoni, kama mtu anayemalizia kupigilia msumari: hata majeruhi mwenyewe ameeleza kwamba jambo lilikuwa la kufumba na kufumbua.

Mama Pacha aliusoma mstari huo mara mbili. Kisha akavuka ua bila viatu.

Kiduchu alikuwa kitandani, mkono umelazwa juu ya mto.

"Kufumba na kufumbua?" Mama Pacha alisema.

"Wifi, karibu, kaa..."

"Sikai! Nimepiga lile bati mpaka ngozi ikanitoka. Nimekimbia mpaka nikahisi damu mdomoni. Wewe unawaambia kufumba na kufumbua?"

"Waliniuliza nakumbuka nini, nikawaambia. Nakumbuka pindo la shuka. Halafu nakumbuka dari ya hospitali, ina doa kama kiatu. Katikati hapana kitu."

"Hapana kitu! Ulikuwa unapiga kelele kama unachinjwa!"

"Sikumbuki."

"Wamekununua."

Kiduchu akauinua mkono wake uliofungwa bandeji, akausogeza karibu na uso wa wifi yake.

"Kwa bei gani, wifi? Hebu nitajie bei."

Mama Pacha alitoka na kuubamiza mlango hata kioo cha ukutani kikaanguka. Baada ya hapo hawakusemezana kwa siku tisa. Chumvi ikihitajika, iliombwa kupitia watoto. Wakikutana bombani, kila mmoja aliangalia ndoo yake.

Hasira ya kumkasirikia mtu mwingine alikuwa ameizoea. Iliingia, ikawaka, ikatoka. Ya safari hii ilikuwa na mwiba. Siku ya tano alimwomba mumewe, aliyekuwa seremala na mtu wa maneno machache, amshikie simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Aliketi kwenye benchi la karakana katikati ya maranda, akafumba macho.

"Nikisema sasa, nitazame nimefika wapi. Nalenga dakika mbili na sekunde arobaini."

Mume akasubiri. Msumeno wa jirani ulikata, ukanyamaza, ukakata.

"Sasa."

"Dakika mbili na thelathini na sita."

"Tena."

Mara ya pili akafika mbili na arobaini na tatu. Mara ya tatu, mbili na thelathini na tisa. Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliinuka akalipiga teke gogo.

"Saa yangu ni nzima! Umeona? Ni nzima. Sasa siku ile ilinisaliti vipi?"

"Labda," mumewe alisema polepole, "kwa uchungu ule, ulitia chumvi kidogo."

Aliijutia kauli hiyo kwa siku mbili. Mama Pacha hakumjibu, na kwa mtu kama yeye kutojibu kulikuwa kubaya kuliko matusi. Kwa sababu ndani alikuwa ameanza kuogopa kwamba barua inasema kweli, kwamba ametia sahihi juu ya kitu ambacho hakikuwepo. Aliirudia siku ile kichwani, hatua kwa hatua, na kila alipoirudia ilikuwa robo saa. Haikupungua hata kidogo. Kichwa chake kilikataa kushuka chini ya robo saa.

Siku ya kumi Kiduchu alitakiwa kurudi hospitali kupimwa mishipa ya mkono. Mume wa Mama Pacha alikuwa na milango ya kupeleka kwa mteja.

"Mpeleke wewe," alimwambia mkewe. "Mkitaka kununiana, nunianeni njiani."

Walinuniana njia nzima.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imeungwa kwa plasta pembeni. Alimgusagusa Kiduchu kwa pamba, kisha kwa ncha ya pini, akiuliza hapa unasikia, hapa je. Katikati ya kazi hiyo akauliza mkono ulikaa ndani ya mashine kwa muda gani.

"Kidogo tu," alisema Kiduchu.

"Robo saa," alisema Mama Pacha.

"Kamera inasema..."

"Usinitajie kamera!"

Wakaanza. Daktari aliwaacha waseme, akaiweka pini kwenye sahani. Alipoona wamefika kwenye kulia, akagonga meza.

"Jicho ni la mwanga," alisema. "Sikio ni la sauti. Niambieni, kiungo cha muda kiko wapi?"

Wote wawili wakamtazama.

"Hakipo. Mwilini hakuna kiungo cha kuonja dakika. Ubongo unakisia. Sehemu hii inasaidia kwa vipindi vifupi, ile inasaidia kwa virefu, na mara nyingi unapatia vizuri tu, hasa kwa kazi uliyoizoea."

"Mimi napatia," alisema Mama Pacha kwa ukali. "Nimejipima. Napatia mpaka sekunde."

"Naamini. Ukiwa umetulia. Lakini ukishikwa na hofu kubwa, ubongo unaandika kila kitu. Rangi, sauti, vitu visivyo na maana. Baadaye ukiulizwa ilichukua muda gani, huna saa ya kuitazama. Unatazama kumbukumbu zako. Unazikuta zimejaa, zimebanana, na kichwa kinasema: haya yote hayawezi kuenea kwenye dakika mbili, lazima ilikuwa robo saa. Kuna watafiti waliowaangusha watu kutoka juu, wakadakwa na wavu chini. Kila mmoja alisema anguko lake yeye lilikuwa refu kuliko la wenzake aliowatazama. Na si kwamba waliona mambo yakienda polepole. Walipimwa hilo, hawakuona. Kumbukumbu ndiyo iliyorefuka."

Mama Pacha akafikiria uzi wa buluu. 

"Na mimi?" Kiduchu aliuliza.

"Wewe maumivu na mshtuko viliukata uandishi. Mahali ambapo hapakuandikwa kitu, hapana muda. Ndiyo maana kwako ni kufumba na kufumbua."

"Kwa hiyo," alisema Mama Pacha, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda tena, "unaniambia nina kasoro kichwani."

"Nakuambia kichwa chako kilifanya kazi yake. Robo saa si kweli. Na wewe si mwongo. Hayo ni mambo mawili, mama, na huyo aliyekuandikia barua anajua au hajui, lakini ameyafanya moja."

Walipotoka walikaa kwenye benchi la nje, wakingoja dawa. Watu walipita na vyeti vyao mikononi. Kiduchu ndiye aliyeanza.

"Wifi."

"Sema."

"Niambie yaliyo katikati. Ni yangu, na sina."

Mama Pacha alimwambia. Alianza na kreti. Alimwambia bati, kufuli, chumba cha fundi, wale wenzao wawili waliomvuta mpaka mmoja akateguka bega. Alisita alipofika ofisini, kisha akasema yote, simu na kidole na dakika moja. Kiduchu alisikiliza bila kupepesa. Siku zote alikuwa mtu wa kusamehe kabla hajaombwa. Hata mume aliyemwacha alimsindikiza mpaka barabarani. Sasa Mama Pacha aliona shingo ya wifi yake ikikaza na mishipa ikisimama.

"Aliniwekea foleni," Kiduchu alisema. Akarudia, kwa sauti kubwa hadi mlinzi akageuka: "Mkono wangu uko motoni, na yeye ananiwekea foleni!"

Kikao kilifanyika katika chumba cha mikutano cha kampuni, meza ndefu iliyong'arishwa, chupa za maji zimepangwa mstari. Mwenyekiti alikuwa mkaguzi mkuu wa usalama kazini, mama mwenye mvi fupi, asiyetabasamu. Upande mmoja waliketi wakili wa kampuni, meneja na Bwana Dakika. Upande wa pili walikuwa Mama Pacha na Kiduchu. Kiduchu alikuwa amefungua bandeji nyumbani, na mkono aliuweka juu ya meza, wazi, kati ya chupa za maji. Meneja alihamisha macho yake dirishani akayaacha huko.

Bwana Dakika aliulizwa kwanza.

"Nilipoitwa nilikuja palepale," alisema. "Sekunde kumi, hazizidi. Naapa." Na ukimtazama usoni uliona kwamba anaamini anachosema.

Kisha wakili akamgeukia Mama Pacha. Alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti ya upole, ile ya mtu anayemwongoza kipofu kuelekea ngazini.

"Mama, uliandikisha robo saa. Kamera imeonyesha dakika mbili na sekunde arobaini. Kati yako na kamera, nani anasema kweli?"

"Kamera."

Wakili hakulitarajia jibu hilo. Alifungua faili, akalifunga.

"Kwa hiyo unakiri ulidanganya."

"Nakiri nilikosea hesabu. Wewe hukuwepo. Ukiogopa hivyo, hutahesabu vizuri na wewe. Daktari ameandika, karatasi iko kwa mwenyekiti." Damu ilikuwa inamchemka, lakini alijibana. "Sasa nyinyi mnasema mbili na arobaini kama mnavyosema kitu kidogo. Mwenyekiti, naomba simu ihesabu. Tukae kimya kwa muda huo, tuutazame mkono huu. Basi. Sina la zaidi."

"Hii si sehemu ya utaratibu," wakili alisema.

Mwenyekiti alitoa simu yake, akaiweka mezani. "Itakuwa," alisema, akabonyeza.

Mwanzoni palikuwa na yale ya kawaida. Mtu akakohoa. Kiti kikalia. Feni ya dari ilizunguka. Wakili aliutazama mkono kwa heshima, kama mtu anayesimama msibani kwa watu asiowajua, halafu akatazama simu, halafu kalamu yake. Kiduchu hakuutikisa mkono. Ngozi ya kiganja ilikuwa ya waridi na imekunjamana, na mahali pa vidole palikuwa na alama nyeusi za mshono. Meneja alifungua chupa ya maji, na ule mlio wa kifuniko ukasikika chumba kizima, akashindwa kunywa.

"Nadhani inatosha," wakili alisema. "Tumeelewa hoja."

Mwenyekiti akatazama simu. "Dakika moja na sekunde nne," alisema. "Endelea kukaa kimya."

Wakakaa. Jasho lilimtoka Bwana Dakika kwenye nywele, likashuka shavuni, naye hakulifuta. Karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Pacha alikuwa amedhani ataifurahia saa hii, kuwaona wanasota. Hakufurahi. Kimya kile kilimrudisha ukumbini, na alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili asije akainuka na kukimbia.

Simu ililia. 

Mwenyekiti alivuta karatasi. "Kamera ya ujia," alisema. "Wakili hakuitaja. Huyu mama aliingia ofisi ya msimamizi sekunde ya thelathini na nne. Mlitoka wote wawili sekunde ya themanini na tano. Hizo ni sekunde hamsini na moja, bwana msimamizi, si kumi. Mlikuwa mnafanya nini humo?"

Bwana Dakika alifungua mdomo. "Mimi niliona... kwangu zilikuwa..."  Kisha akasema jambo jingine kabisa: "Kufuli si wazo langu peke yangu. Niliandika pendekezo, likatiwa sahihi."

Meneja akageuka kutoka dirishani kwa mara ya kwanza.

Uamuzi ulitoka baada ya mwezi. Makufuli yote yaondolewe kwenye vitufe vya dharura. Kampuni imlipe Kiduchu fidia na matibabu. Bwana Dakika akafukuzwa. Meneja, mwenye ile sahihi, akahamishiwa tawi kubwa zaidi, na wenzake wakamfanyia sherehe ya kumuaga. Mama Pacha aliposikia hilo la sherehe alikuwa anachambua mboga; alikisukuma kisu mbali, akaenda kusimama nje mpaka kifua kikatulia.

Barua yake ilikuja siku hiyohiyo. Ilisema kwamba arudi kazini Jumatatu, kwamba taarifa yake ilikuwa na dosari, lakini kampuni, kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu, imeamua kumsamehe.

"Kumsamehe," alisoma kwa sauti. "Kumsamehe!"

"Umerudishiwa kazi, mke wangu," mumewe alisema. "Mishahara ya nyuma wanalipa. Neno moja tu hilo."

"Neno moja ndilo lililoniita mwongo."

Jumatatu alikwenda, lakini hakuingia ukumbini. Alipanda ofisi ya wafanyakazi, akaiweka barua mbele ya karani, akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Sitii sahihi hapo. Mtu hasamehewi kosa ambalo hakulifanya. Nilikosea muda, hilo liandikeni. Uongo ufuteni."

Karani akamweleza kwamba barua imeshapigwa muhuri. Mama Pacha akasema mihuri ipo mingi. Karani akasema mkubwa wake hayupo. Mama Pacha akasema atamngoja. Akaketi hapo mpaka jioni bila kuuliza saa. Jumanne akaja tena na chakula chake kwenye kibakuli. Jumatano alikuja na Kiduchu, ambaye aliketi kiti cha pili, mkono wake mapajani. Karani aliutazama ule mkono mara moja tu, akatoka nje. Alirudi na karatasi mpya, bado ina joto la mashine ya kuchapa. Ilisema kwamba shahidi alikadiria muda kimakosa kutokana na hali ya hofu, na kwamba kampuni inaziondoa tuhuma zote za uongo kwenye faili lake.

"Na kuomba radhi?" Kiduchu aliuliza.

"Hilo hawakunipa, dada," karani alisema. Alionekana kuona haya kweli.

Mama Pacha aliisoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Akatia sahihi. Akamwambia wifi yake amsubiri getini, wataenda pamoja kumchukua mtoto shule, kisha akafunga kitambaa kichwani na kushuka ukumbini, hasira ikiwa bado haijamtoka, kuuliza nani siku hizi anashika upande wa kulisha na kama amefundishwa.